Kochi wa jimu: diplome ya kazi ao lisansi ya chuo kikuu? Namna Ufaransa inaunganisha njia zote mbili

Kufundisha mazoezi ya mwili imekuwa kazi yenye inalisha vijana wengi wa kwetu. Goma, Bukavu, Bunia, Butembo, Kisangani: ni vigumu sasa kupata muji mukubwa wenye hauna jimu, na asubuhi ya siku ya Mungu utakuta vikundi vya watu wanakimbia barabarani, kochi mbele yao na firimbi mukononi. Wengi kati ya makochi hawa walikuwa wanacheza ngumi, karate ao mupira. Walianza kunyanyua haltere kwa ajili yao wenyewe, kiisha mutu mumoja akawaomba wamufundishe, mwingine akafuata, na kazi ikazaliwa hivyo.

Hakuna kibaya hapo. Lakini wateja wamebadilika. Zamani alikuwa anakuja kijana mwenye anataka kifua kipana. Siku hizi anakuja pia mama wa miaka 52 mwenye tansio, ao papa mwenye ugonjwa wa sukari, na munganga amemuambia neno moja tu: «fanya spori». Spori gani, kwa muda gani, kwa nguvu gani, hakuna mwenye amesema. Kochi ndiye anabaki na swali lile, na akikosea, si haltere ndiyo itaanguka.

Kijana mwenye anataka kazi hii anajiuliza: nijifunze ufundi wa jimu haraka nianze kupata pesa, ao niende chuo kikuu miaka mitatu nijifunze namna mwili unafanya kazi? Wazazi nao wanauliza vilevile, sababu wao ndio wanalipa. Tumeangalia namna Ufaransa inajibu swali hili. Si kwa sababu Ufaransa ndiyo mwalimu wetu wa kila kitu. Ni kwa sababu kule jibu limeandikwa ndani ya sheria, masomo yanatolewa kwa luga yenye tulisomea, na muundo wa LMD wenye vyuo vikuu vyetu vimeingia unafanana na wao: lisansi miaka 3, master miaka 2.

Diplome ya kazi: BPJEPS

Ufaransa hairuhusu mutu kufundisha spori kwa malipo bila diplome yenye inatambuliwa. Kifungu L212-1 cha sheria ya spori kinaomba diplome yenye kuonyesha kwamba mutu anaweza kulinda usalama wa wale anawafundisha. Mwenye anafundisha bila hiyo anaweza kupewa kifungo cha mwaka 1 na faini ya euro 15 000. Mwenye anayo anajiandikisha kwa serikali, wanaangalia kama hana makosa ya mahakama yenye inamukataza kazi hii, kiisha wanamupa karte ya kazi ya miaka 5. Jimu inapashwa kubandika kopi za diplome na za karte mahali wateja wanaweza kuzisoma. Kwa hiyo mama mwenye analipa abonema yake anaweza kusimama mbele ya ukuta na kujua ni nani anamuambia apige magoti na achukue muzigo.

Diplome yenye inajulikana zaidi kwa kazi ya jimu inaitwa BPJEPS, ni kusema Brevet professionnel de la jeunesse, de l'éducation populaire et du sport. Iko na matawi mengi. Tawi lenye linahusu jimu linaitwa «activités de la forme», na ndani yake kuko chaguo mbili: masomo ya kikundi, yenye musiki na hatua, ao kunyanyua uzito na kujenga misuli. Kuko wenye wanachukua zote mbili.

Inawekwa kwenye ngazi ya 4, ngazi moja na bac yao, yenye kwetu ni diplome d'État. Lakini kuingia hawaombi kwanza bac. Wanaomba mwili wenye uko tayari. Kuko mitihani ya kuingia: kukimbia kati ya mistari miwili yenye iko mbali kwa metre 20, huku sauti ya mashine inakuharakisha kidogo kidogo mpaka unashindwa, na majaribio mengine ya nguvu ao ya hatua kufuatana na chaguo. Wanaomba pia karatasi ya munganga na cheti cha musaada wa kwanza. Vijana wengi wanaanguka hapa, hata wale wenye misuli mikubwa, sababu misuli ya mbele ya kioo na pumzi ya kukimbia ni vitu viwili tofauti.

Kiisha kuingia, wanasoma angalau masaa 600 darasani, na wanafanya kazi ndani ya jimu ya kweli chini ya jicho la mukubwa wa kazi. Wengi wanafanya hivyo kwa mukataba wa uanagenzi: siku fulani shuleni, siku zingine kazini. Mwanagenzi halipi masomo yake, na anapata mushahara mudogo wenye unahesabiwa kufuatana na umri wake. Kwa kijana mwenye jamaa yake haina pesa, hii ndiyo sehemu ya maana kuliko zote.

Diplome ya chuo kikuu: lisansi ya STAPS

Upande wa pili ni chuo kikuu. Tangu miaka ya 1970 Ufaransa ina fani ya chuo kikuu yenye inaitwa STAPS, Sciences et techniques des activités physiques et sportives. Lisansi ni miaka 3, krediti 180, na iko ngazi ya 6. Ndani yake unasoma mifupa na misuli, namna moyo na mapafu yanafanya kazi, namna mwili unatumia chakula kuwa nguvu, saikolojia, historia ya spori, hesabu za takwimu, na bado unatoka jasho kiwanjani.

Fani hii inapendwa kupita nafasi zenye ziko. Mwaka wa 2017, sababu waombaji walikuwa wengi sana, vyuo vikuu fulani vilichagua wanafunzi wa STAPS kwa kura ya bahati tu, na makelele ya jambo lile yalisaidia kuleta musingi mupya wa kujiandikisha mwaka wenye ulifuata. Tena, wengi wenye wanaingia wanashindwa mwaka wa kwanza. Wanafikiri wamekuja kucheza, kumbe wanakuta anatomia na kemia.

Kiisha mwaka wa kwanza ao wa pili, mwanafunzi anachagua njia: kuwa mwalimu wa shule, kufundisha wachezaji wa mashindano, uongozi wa spori, ergonomia, ao ile yenye inatuhusu zaidi leo, «activité physique adaptée et santé», ni kusema mazoezi yenye yanapimwa kufuatana na ugonjwa ao ulemavu wa mutu. Hawa wa mwisho wanafanya staji ndani ya hospitali, ndani ya nyumba za wazee na vituo vya kurudisha wagonjwa kwenye nguvu.

Mahali wengi wananaswa

Hapa ndipo tunaomba musomaji asome polepole. Mutu anaweza kumaliza miaka 3 ya chuo kikuu na jimu imuambie: hatukuhitaji. Kila diplome inaandika waziwazi kazi gani inakuruhusu na kwa watu gani. Lisansi ya njia ya ualimu inakuruhusu kufundisha mazoezi mengi lakini kwenye kiwango cha kuanzisha watu. Ile ya mashindano inafuata spori yenye ulichagua: mutu mwenye alichagua mupira hawezi kuja kesho kuongoza watu kwenye vyuma vizito. Ndiyo sababu wanafunzi wengi wa STAPS, kiisha lisansi, wanarudi chini, kama unaweza kuita hivyo, kwenda kutafuta BPJEPS ya ngazi ya 4. Wanaweza kusamehewa vipande fulani vya masomo, lakini ni muda mwingine na pesa zingine.

Na upande wa pili, mutu wa BPJEPS anafika kwenye mupaka wake haraka. Anajua kuongoza kikundi, jimu inamupenda, lakini mushahara unakaa mahali pamoja, goti linazeeka, na hospitali haimufungulie mulango.

Kwa hiyo kuunganisha njia mbili si mapambo ya kuweka kwenye CV. Kuko wenye wanaanza na BPJEPS kwa uanagenzi, wanapata karte ya kazi, kiisha wanaingia STAPS muchana na kufundisha jimu jioni, kuanzia saa kumi na moja, wakati watu wanatoka kazini na jimu zinajaa. Masaa yanakubaliana vizuri, lakini usingizi unakuwa mufupi. Kuko wenye wanafanya kinyume, chuo kikuu kwanza, kwa sababu wazazi wanataka kusikia neno «lisansi», na wanajifunza ufundi kiisha.

Njia ya tatu, na kwa maoni yetu ndiyo yenye ilifikiriwa vizuri zaidi, ni DEUST «métiers de la forme». Ni diplome ya chuo kikuu ya miaka 2, krediti 120, ngazi ya 5. Inatolewa ndani ya chuo kikuu, na walimu walewale wa fiziolojia, lakini imetengenezwa kwa kazi ya jimu na inatoa haki ya karte ya kazi. Mwenye anaimaliza anaweza kuenda kazini moja kwa moja, ao kuomba kuendelea mwaka wa tatu apate lisansi. Kama amechoka ao pesa zimekwisha kiisha miaka 2, hatoki mukono mutupu. Kwetu, mwanafunzi mwenye anakatiza masomo mwaka wa pili anarudi nyumbani na karatasi ya matokeo yenye hakuna patroni anaiomba.

Kitu chenye chuo kikuu kinamupa kochi

Tuchukue tansio, sababu ndiyo yenye inaleta watu wengi. Mwaka wa 1985, watafiti wa chuo kikuu cha McMaster, Canada, walipima tansio ya vijana watano wenye afya na misuli mikubwa, wakati wanasukuma uzito kwa miguu mpaka mwisho wa nguvu. Hawakutumia kifaa cha kufunga mukono. Walipima ndani ya mushipa wenyewe. Wastani ulifika 320 juu ya 250. Mumoja alipita 480 juu ya 350. Walikuwa vijana wazima, na ilishuka mara moja kiisha kuacha. Lakini fikiria sasa mishipa ya mutu wa miaka 60 mwenye tayari iko na tansio ya 170, na kochi nyuma yake anamupigia kelele: «Shika pumzi! Sukuma!»

Kushika pumzi ni moja ya vitu vyenye vinapandisha hivyo. Kochi mwenye amesoma anamufundisha mugonjwa wake kutoa pumzi wakati anasukuma, anachagua uzito mwepesi na kurudia mara nyingi bila kufika mwisho wa nguvu, na anamupima mbele ya kuanza. Kama kifaa kinaonyesha 180 juu ya 110 wakati mutu amekaa tu, siku ile hakuna mazoezi, anarudi kwa munganga. Mazoezi ya kutembea haraka na kukimbia polepole, yakifanywa kila juma, yanashusha tansio kidogo kwa watu wengi, na ndiyo sababu munganga aliyaomba. Shirika la afya la dunia, OMS, linashauri watu wazima wafanye dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mazoezi ya nguvu ya katikati, na kutumikisha misuli siku 2 kwa juma. Liliandika hivyo mwaka wa 2020 hata kwa watu wenye magonjwa ya muda murefu.

Kuko pia dawa. Makochi wengi wanajua hesabu ya 220 kutoa umri, yenye inasema mutu wa miaka 50 moyo wake haupashwe kupita mapigo 170. Hesabu ile ni wastani wa ovyoovyo, na kwa mutu mwenye anakunywa dawa za tansio za aina ya betabloka, kama atenololi ao propranololi, haina maana tena: dawa inazuia moyo kupanda. Kochi anaangalia saa yake, anaona mapigo 110, anafikiri mama anafanya uvivu, anamuongezea kasi, kumbe mama amefika mwisho wake. Chuo kikuu kinafundisha kutumia kitu kingine. Kuko ngazi ya mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Borg, yenye inatoka 6 mpaka 20, mutu mwenyewe anasema kazi ni nzito kiasi gani. Na kuko njia yenye haihitaji kifaa: kama anaweza kuzungumuza lakini hawezi kuimba, yuko katikati. Kama hawezi kumaliza sentensi, punguza.

Kwa ugonjwa wa sukari, muscle yenye inafanya kazi inakula sukari ya damu hata bila insulini. Ni jambo zuri, ndiyo faida yenyewe ya mazoezi. Lakini mutu mwenye amejidunga insulini ao amemeza glibenklamidi, kiisha akaja jimu bila kula, sukari inaweza kushuka sana. Anatetemeka, anatoka jasho baridi, anaanza kusema maneno yenye hayafuatane, na watu wanafikiri amelewa. Vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, kama bado anaweza kumeza vizuri, vinaweza kumurudisha. Kama amezimia, usimumiminie kitu kinywani, kimbiza hospitali. Kochi wa wagonjwa wa sukari anaangalia pia viatu, sababu mugonjwa fulani hasikie tena kidonda chini ya muguu wake.

Na kuko anemi SS, jambo lenye vitabu vya Ulaya vinapitia mbio lakini kwetu liko ndani ya nyumba nyingi. Mugonjwa wa SS anapashwa kufuatwa na munganga mbele ya mazoezi yoyote, na baridi, kiu na kuchoka sana vinaweza kumuletea maumivu makali. Lakini watu wanasahau wale wa AS, wenye wamebeba kitu kile bila ugonjwa. Karibu wote wanafanya spori maisha yao yote bila shida. Hatari inakuja mara chache, wakati mutu anasukumwa kukimbia kwa nguvu zote bila pumziko, kwa joto, bila maji, ao siku za kwanza kiisha kurudi kutoka likizo ao ugonjwa. Misuli inavunjika ndani, mutu anaanguka huku bado anasema, na anaweza kufa. Marekani, kiisha vifo vya wachezaji wa vyuo vikuu, shirika la NCAA liliweka kipimo cha AS kwa wachezaji wa daraja lake la kwanza tangu 2010. Kochi mwenye anaelewa hili hapigi mutu marufuku. Anaanza polepole, anaacha watu wakunywe maji, na mwenye anasema «nimechoka, miguu inauma vibaya» hamuiti mwoga.

Kitu chenye chuo kikuu hakimupi

Sasa tuwe na haki pia kwa watu wa mukono. Mwanafunzi mwenye amesoma haya yote anaweza kusimama mbele ya wamama 20 na asijue aanzie wapi. Kuongoza kikundi ni ufundi: kuhesabu musiki kwa nane, kuonyesha hatua kama kioo ili watu wasichanganye kuume na kushoto, kutangaza mabadiliko mbele ya kubadilisha, kuona kwa kona ya jicho yule wa nyuma mwenye mugongo wake umepinda. Kusahihisha mutu mukubwa bila kumupatisha haya. Kusimama mahali pazuri ili ushike chuma kama kinamushinda. Kujua kwamba mashine inatoa sauti ya kamba yenye itakatika. Hata kukubali kwamba sehemu ya kazi ni kufuta jasho kwenye viti na kuandika majina ya wenye hawajalipa.

Haya hayajifunzwe kwenye kitabu. Ndiyo maana Ufaransa haikuacha lisansi imeze diplome ya kazi.

Spori kwa karatasi ya munganga

Jambo lenye lilipatisha muunganiko huu uzito mupya ni sheria ya 26 Januari 2016. Muji wa Strasbourg ulikuwa umeanza tangu 2012: wanganga wa pale waliandikia wagonjwa mazoezi kama wanavyoandika dawa. Sheria ikalichukua kwa inchi nzima, na tangu 1 Machi 2017 munganga anaweza kumuandikia mazoezi mutu mwenye ugonjwa wa muda murefu wenye uko kwenye liste ya serikali. Mwaka wa 2022 mulango ulifunguliwa zaidi, kwa magonjwa mengine ya kudumu na kwa watu wenye wanapoteza nguvu za kujisimamia. Lakini bima ya afya kwa kawaida hairudishe pesa za mazoezi, na hii imebaki malalamiko makubwa ya wagonjwa.

Kilichotupendeza katika agizo la kutumia sheria ile ni namna linagawanya watu. Halitazame jina la ugonjwa tu, linatazama mugonjwa anaweza kufanya nini. Mwenye ugonjwa wake haumuzuie karibu kitu chochote anaweza kupokelewa na kochi mwenye diplome ya kazi, kama amejifunza jambo lile. Yule mwenye anazuiliwa kiasi anahitaji mutu wa karibu na elimu ya afya, kama mwenye lisansi ya mazoezi yenye kupimwa. Na yule mwenye amezuiliwa sana, mwenye hawezi kusimama vizuri ao pumzi inamukatika akiwa amekaa, ni wa wataalamu wa afya kwanza, kama watu wa kinezitherapia. Mwenye diplome mbili anaweza kupokea makundi mawili ya kwanza bila kumutuma mutu mahali pengine. Jimu inaona faida mara moja.

Na kwa kijana wa kwetu?

Kwanza, Ufaransa si ya karibu. Tangu 2019, mwanafunzi mwenye hatoki Ulaya anaombwa malipo ya mwaka ya lisansi yenye yalianzia euro 2 770, hata kama vyuo vikuu vingi vya serikali vinasamehe sehemu kubwa, na kila mutu anapashwa kuuliza chuo chake mbele ya kukata tamaa. Visa ya mwanafunzi inaruhusu kufanya kazi masaa 964 kwa mwaka, si zaidi. Na mwenye tayari ni kochi hapa ajue: miaka yake ya kazi na karatasi zake za hapa hazimupe karte ya Ufaransa moja kwa moja. Anapashwa kupata diplome yao, kwa kusoma ao kwa kuonyesha uzoefu wake mbele ya kamati, njia yenye sheria yao ilifungua tangu 2002.

Karibu zaidi kuko njia zenye watu wanasahau. Kinshasa, Université Pédagogique Nationale inafundisha elimu ya mwili. Vyuo vya ISTM, ile ya Kinshasa kwa mfano, vinafundisha kinezitherapia, na hiyo si sawa na ukochi, lakini mwenye ameisoma anajua mugonjwa kuliko wengi. Kwa mutu wa Uvira, Bujumbura iko mwendo mufupi tu, na Université du Burundi iko na Institut d'Éducation Physique et des Sports, masomo kwa Kifaransa. Mwenye Kiingereza chake ni kizuri anaweza kuangalia Kenyatta University, Kenya, yenye iko na idara ya elimu ya mwili na sayansi ya mazoezi.

Kwa upande wa ufundi, kuko vyeti vingi vinauzwa kwenye intaneti, vingine kwa wikendi moja. Si vyote vibaya. Mbele ya kutuma dola zako, uliza: nani atanitazama nikifundisha mutu wa kweli? Kuko mutihani wa mukono, ao ni kubonyeza majibu tu kwenye simu? Nikikosa, wananirudisha, ao kila mutu anapita? Cheti hiki, ni jimu gani ao hospitali gani imeshakubali mutu mwenye anacho? Kama muuzaji anajibu swali la mwisho kwa kukutumia picha ya mutu mwenye misuli, unajua.

Na mwenye hawezi kwenda popote mwaka huu anaweza kuanza na vitu vyenye bei ndogo: mafunzo ya musaada wa kwanza, kifaa cha kupima tansio chenye kinafunga mukono, na daftari. Ndani ya daftari, siku ya kwanza ya kila mteja, aandike umri, ugonjwa wenye unajulikana, dawa zenye anakunywa, SS ao AS kama anajua, operesheni, ujauzito, na nambari ya simu ya mutu wa nyumbani. Kiisha tansio mbele ya kuanza, na tarehe. Jimu za Ufaransa zenye zinapokea wagonjwa zinaanza na karatasi kama hiyo, na munganga wa hapa mwenye analetewa daftari la namna hii atakuwa na kitu cha kuandika zaidi ya «afanye spori».